Dakika Arobaini

Taa yetu ya sola ilikuwa kikongwe.
Kutwa tuliianika juu ya bati,
ikashiba jua lote la Mvumi,
na bado usiku ilitupa dakika arobaini tu,
ikakohoa mara mbili, kimya.

Nilikuwa kidato cha tatu.
Dakika arobaini hazina kuchonga penseli,
hazina daftari lililopotelea uvunguni,
hazina ngoja kwanza ninywe maji.
Maji nilikunywa kabla. Mbuzi niliwahesabu kabla,
hata yule wa kengele
apendaye kulala zizi la jirani.
Kitabu nilikifungua palepale penye mfupa:
logarithimu, zilizonikwama kooni tangu Februari.
Majimaji niliweza kuisoma njiani asubuhi,
vumbi likinipiga makofi,
lakini logarithimu hazisomeki kwa miguu.

Taa ikizima, ndipo Nyemo anaanza.
Mdogo wangu, miaka tisa, haonekani,
sauti tu kutoka mkekani:
“Leo umesoma nini?”

Osmosisi, nikasema, nikitumaini atalala.
“Ndiyo nini?”
Kitabu kilisema kwa Kiingereza.
Kiswahili changu kikanifikisha nusu ya njia,
nikamalizia kwa Kigogo:
si unaona mama akinyunyizia nyanya chumvi,
maji yanatoka yenyewe?
“Yanatoka kwa nini?”
Sijui.
“Basi hujasoma.”

Usiku ule nilimchukia.
Kesho yake nikaanzia hapohapo,
kwenye sijui.

Mwaka uliofuata nguzo zikafika kwetu.
Baba akanunua balbu kubwa kama boga;
Mzee Chidosa akaja kuitazama,
akakaa mpaka saa nne.
Nami nikachora ratiba kwa kalamu za rangi tatu,
nikaibandika ukutani kwa uji wa sembe:
saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku.
Saa sita nzima! Tajiri kama mimi nani?

Nikakaa mezani kama bwana shamba.
Nikapigia mstari sentensi hii, na hii, na ile,
mpaka ukurasa ukawa njano mtupu
kama alizeti za njia ya Singida.
Simu ya baba ilichajia hapo, karibu na kiwiko.
Ikilia, naitazama.
Isipolia, naitazama nione kwa nini hailii.
Nyemo mwanga ulimuumiza;
alijifunika khanga gubigubi, akalala mapema.
Hakuna aliyeniuliza kitu.

Mtihani wa majaribio, osmosisi ikaja.
Nilikumbuka ni ukurasa gani, kona gani,
na doa la chai lililokuwa pembeni yake.
Nilikumbuka kila kitu isipokuwa jibu.

Nilirudi nyumbani nikabandua ratiba.
Mende walikuwa wameshaila Alhamisi yote.
Simu niliifunga kwenye mfuko,
nikaizamisha katika debe la uwele
mpaka mkono ukaingia begani.
Nikamtafuta kikongwe wetu uvunguni,
nikampangusa, nikamwanika.
Sasa alibakiwa na dakika thelathini.
Si neno. Zilikuwa thelathini kweli.

Nikaomba balbu izimwe.
Baba akanung’unika gizani:
“Tumelipia umeme tukae kama popo?”
Mama akasema, mwache.

Nikasoma ukurasa mmoja na nusu.
Nikafunika kitabu, nikauandika upya kichwani,
nikakuta tundu, nikafunua, nikaziba.
Nilipofika tundu la tatu
taa ikakohoa.

Nikajinyoosha mkekani.
“Nyemo.”
Kimya. Nje, kengele ya yule mbuzi, kwa jirani tena.
“Nyemo, niulize.”
Khanga ikachakarika.
Akanigeukia, usingizi umemjaa mdomoni:
“Haya. Yanatoka kwa nini?”